Ketupong na Nguzo ya Kwanza

Asubuhi ya kusimamisha nguzo ya kwanza ya kanisa letu, Tuai Sanggau aliagiza patu zote zitolewe nje zikapigwe kilimani. Baba yangu akakataa.

Patu zetu ni za shaba, na ile kubwa kuliko zote mtoto mchanga anaweza kulala ndani yake. Kila mlango, yaani kila familia, una zake, na nyumba yetu ndefu ina milango kumi na saba. Tuai, ambaye ndiye mkuu wa nyumba, alisema zipigwe tangu nguzo inapoanza kunyanyuka hadi itakapokaa shimoni, bila kupumzika.

"Tumpigie Mungu shangwe," alisema.

Watu waliitikia upesi, upesi mno. Mwinjilisti Jarau alifurahi, akapiga makofi. Yeye ni Mwiban kama sisi lakini alilelewa mjini, na msitu anaujua kwa kuupita tu. Hakujua kwamba babu zetu walipiga patu siku ya kusimamisha nguzo ili sikio la mtu lisimsikie ketupong.

Ketupong ni kigogota mdogo, mwekundu wa kutu, hamfikii hata kifaranga wa wiki tatu. Akilia wakati mtu yumo ndani ya shimo la nguzo, kazi huachwa na shimo hufukiwa. Asiyetoka shimoni, ardhi imeshamtaja jina. Ndivyo tulivyofundishwa kabla ya ubatizo. Tulikuwa tumebatizwa miaka saba, nyumba nzima, na katika miaka hiyo hakuna aliyemtaja ketupong kanisani. Ila siku akilia tunapoanza shamba, lazima mtu mmoja aumwe na tumbo, na wote tumsindikize nyumbani.

"Patu zirudi ndani," baba alisema.

"Baba Mayang, shangwe nayo imekuwa dhambi?" Tuai akauliza.

"Shangwe si dhambi. Ila tuambiane ukweli. Hizi ni patu za shangwe au ni pamba za masikio?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akakohoa ili kuficha kicheko.

"Juzi tulikuwa tunachimba lile shimo," baba akaendelea. "Ndege akalia. Ghafla Tuai unaumwa mgongo. Ugat mpini wa jembe lake umelegea. Shemeji yangu kakumbuka hajalisha kuku. Na mimi nikasema nina kiu. Sikuwa na kiu. Nilikimbia kama ninyi. Sasa tukisimamisha nguzo kwa kuziba masikio, humo ndani tutamwabudu nani? Au kila Jumapili tutakuwa tunapiga patu?"

"Maneno matamu," Tuai akasema. "Na atakayeingia shimoni kuongoza nguzo ni nani? Wewe?"

"Mimi."

"Akilia ukiwa ndani?"

"Atalia. Ni ndege, kazi yake kulia."

"Na ukifa?"

"Nikifa mtanizika. Lakini nguzo ikae."

Macho yote yakamgeukia Babu Banyang, baba yake mama yangu. Kwa miaka arobaini yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa ndege katika mto wetu wa Lemayau. Hakuna aliyelima, aliyeoa wala aliyesafiri bila kumuuliza. Alibatizwa wa mwisho. Alikuwa ameketi kwenye ngazi akitafuna tambuu.

"Msinitazame mimi," alisema. "Kazi ile nilishaiacha. Miaka saba sijasoma hata ndege mmoja. Ninyi ndio mnasoma kila siku, tena bila kulipwa kuku."

Basi patu zikarudishwa ndani. Lakini watu walikuwa wamesikia neno la baba, na neno likishatoka halirudi. Kama angeumia shimoni siku ile, kanisa lilikuwa limekwisha kabla ya kuwa na paa. Na mimi sikuwa nikiwaza habari za kanisa. Niliwaza kwamba nina baba mmoja.

Entri, mume wangu, alinifuata mtoni nilipokwenda kuchota maji. Alikuwa amehamia mlango wetu tangu tulipooana, mwaka mmoja tu uliopita, na baba alimpenda kwa sababu ana nguvu na hana makelele.

"Mayang, kamwambie baba akubali patu."

"Kamwambie wewe."

"Mimi mkwe. Wewe damu yake."

Akachutama, akawa anaosha mikono ambayo haikuwa na uchafu. Nilijua anawaza nini. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, kwenye mto wao, walikuwa wanaangusha msitu na ndege akalia. Mwinjilisti wao akasema endeleeni. Baba yake Entri akaendelea, na mti ukamwangukia. Waliombeba mpaka nyumbani walikuwa watu watatu. Entri alibeba miguu.

"Wamenipa kamba ya kushoto, mbele," alisema. "Uzito wote uko pale."

"Basi usiishike. Sema mkono unauma."

"Waseme mkwe wa Baba Mayang anaogopa ndege?"

"Unaogopa?"

Alijaza ndoo zangu zote mbili akazibeba mwenyewe mpaka juu. Nilipaswa kwenda kwa baba wakati uleule nikamwambie, huyu usimpe kamba. Sikwenda. Nilimwonea Entri haya, na nikajionea haya mwenyewe.

Shimo lilikuwa kilimani, nyuma ya nyumba, kina chake kifuani mwa mtu mzima. Upande mmoja lilichongwa kama mteremko, mguu wa nguzo upate kuteleza na kuingia. Nguzo yenyewe ilikuwa ya belian, mti ambao ukiutupa mtoni unazama kama jiwe. Wanaume ishirini waliipandisha kutoka mtoni kwa siku mbili. Iliegemezwa kwenye miti miwili ya panda, ikafungwa kamba kulia na kushoto, na wengine wakashika miti mirefu ya kuisukuma kwa nyuma. Mimi nilikuwa kamba ya kushoto, nyuma ya Entri. Mama alikuwa kamba ya kulia.

Baba akaingia shimoni na mtaimbo wake. Kutoka nilipokuwa niliona mabega na kichwa.

"Baba Mayang, umeshasali?" mtu akamtania.

"Nimesali. Wewe umeshajisaidia? Nakuona unabana magoti."

Watu wakacheka. Mwinjilisti Jarau akaomba, maombi mafupi. Tuai akainua mkono.

"Moja, mbili, vuta!"

Tukavuta. Nguzo ikanyanyuka shibiri chache, miti ya panda ikasogezwa, tukapumzika. Moja, mbili, vuta. Watu tulikuwa kama sitini pale kilimani, na kila baada ya kuvuta hakuna aliyepiga soga. Tulikuwa tunasikiliza. Kama kweli hatukumjali yule ndege, kwa nini tulikuwa kimya vile? Hata watoto walikuwa kimya.

Nguzo ilipofika nusu, akalia.

Mlio wake ni mkali, wa harakaharaka, kama mtu anayegonga kisu kwenye ukingo wa sufuria. Ulitoka msituni upande wetu. Kamba ikalegea kidogo mikononi mwangu, kisha Entri akaikaza tena. Tuai alikuwa amesema "moja, mbili" na neno la tatu halikutoka.

"Nimemsikia," sauti ya baba ikatoka shimoni. "Hodari wa kuimba. Vuteni."

Kamba hazikusogea.

"Vuteni, jamani, au mnataka nioteshe mizizi humu?"

Tukavuta. Nguzo ikaanza kusimama, mguu wake ukateleza kwenye mteremko, na baba akauongoza kwa mtaimbo. Nilimsikia akihema. Ilibaki mivuto miwili, labda mitatu. Ketupong akalia tena, na safari hii alikuwa karibu, kwenye kisiki kilicho mkono wetu wa kushoto kabisa. Nilimwona. Nilimwona na Entri akimwona.

Entri akaachia.

Kamba ikapita viganjani mwangu na kuondoka na ngozi. Nguzo ikalala upande, mguu wake ukaruka, ikaanguka juu ya miti ya panda na kunasa hapo ikitikisika. Shimoni kukatoka sauti ambayo sikujua kwamba baba yangu anaweza kuitoa.

Watu wakakimbia. Sisemi wote, lakini wengi. Waliokuwa na miti ya kusukuma waliitupa. Tuai alishika kichwa.

"Ameitwa! Nilisema! Ameitwa!"

"Leteni kuku!" sauti nyingine. "Leteni sahani za sadaka, leteni mchele!"

Wanawake wawili walishuka mbio kwenda nyumbani. Nikafika ukingoni mwa shimo. Baba alikuwa ameegemea udongo, uso wa rangi ya majivu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umebanwa kati ya nguzo na ukuta wa shimo.

"Mguu," aliniambia, kama mtu anayeonyesha kitu alichokipoteza. "Mayang, ni mguu tu."

Juu yake nguzo ilikuwa imelalia panda moja, nayo ilikuwa ikijichimbia udongoni kidogokidogo. Panda ile ikiteleza, belian yote ingemwangukia kifuani.

"Shikeni kamba!" mama akapiga kelele. "Shikeni kamba!"

"Asiguse mtu!" Tuai akasema. "Mpaka damu ya kuku ifike. Mkiigusa sasa itachukua mwingine."

Wanaume walirudi nyuma hatua moja. Niliiona ile hatua. Watu waliobatizwa pamoja nami, katika maji yaleyale, wakarudi nyuma. Mwinjilisti Jarau alikuwa amepiga magoti anaomba kwa sauti, machozi yanamtoka.

"Mwalimu!" mama akamwambia. "Omba huku umeshika kamba!"

Jarau akafumbua macho, akainuka, akashika kamba ya kulia nyuma ya mama. Walikuwa wawili, na ile nguzo haikuwa ya watu wawili.

Babu Banyang akatema tambuu yake. Alipanda mpaka penye shimo taratibu, akapita mbele ya Tuai, akaiokota kamba ya kushoto.

"Babu, wewe ndiye unayejua zaidi," Tuai akamwambia. "Waambie. Ndege amesema nini?"

"Ndege hakushika kamba," Babu akasema. Akamtazama Entri, aliyekuwa ameketi chini, mikono kichwani. "Aliyeshika kamba ni huyu."

"Lakini alilia, na mtu ameumia!"

"Miaka arobaini nilihesabu watu walioumia ndege alipolia. Walioumia ndege akiwa kimya sikuwahesabu hata siku moja. Walikuwa wengi, Sanggau. Mmoja alikuwa mwanangu. Njooni mvute, nyinyi, mimi sina nguvu."

Ugat akaja. Shemeji yake baba akaja. Nikashika nyuma ya Babu, viganja vinawaka moto. Watu wakaja mmoja mmoja, wengine wakitazama chini, na Tuai naye akaja wa mwisho na kushika mti wa kusukuma. Tukavuta. Nguzo ikainuka kiasi cha mkono, na vijana wawili wakamtoa baba.

Sitaeleza mguu ulivyokuwa. Mama aliufunga kwa sarongi yake. Tuai, lazima niseme na hili, alitoa mtumbwi wake wa mashine na petroli yake yote bila kuombwa. Kwenda zahanati ni mwendo wa saa nne kushuka mto. Walipombeba baba akawasimamisha.

"Msiishushe nguzo."

"Baba Mayang," Tuai akasema kwa upole, "umeona mwenyewe. Bado unataka?"

"Nimeona. Nilidhani nikimwamini Mungu sitaumia. Nilikosea hapo." Akangoja maumivu yapite. "Ila kanisa hatukusema tutalijenga juu ya mguu wangu. Nilisema nikifa mnizike na nguzo ikae. Sijafa. Kwa nini msubiri?"

Wakaondoka naye. Mama akaenda naye. Tulisikia mashine mpaka ikapotea nyuma ya kona ya mto. Sikujua kama nitamwona tena akiwa hai, maana damu ilikuwa nyingi.

Tukabaki na nguzo nusu hewani. Wanawake walikuwa wamerudi, mmoja kashika kuku kwapani, mwingine sahani ya mchele.

"Tuchinje tu," Tuai akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. "Mungu anajua mioyo yetu. Kuku mmoja."

"Akijua mioyo yetu, huyo kuku anamdanganya nani?" Babu akauliza.

Jarau akavua shati. "Nitaingia mimi."

"Mwalimu, umewahi kushika mtaimbo?" Ugat akamuuliza.

"Sijawahi."

"Basi utatuongezea mgonjwa."

Entri akainuka. Alikwenda hadi ukingoni, akatazama damu iliyokuwa kule chini, akaingia. Akauokota mtaimbo wa baba na kuupangusa kwenye kaptula yake. Kisha akainua uso, akanitafuta mpaka akaniona.

"Mayang. Kamba ya kushoto, mbele, shika wewe."

"Mwanamke, mbele?" mtu akasema.

"Yeye," Entri akasema.

Nilikwenda nikashika. Sikutaka. Viganja havikuwa na ngozi, na nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baada ya siku ile. Kutoka pale mbele niliona utosi wake, nywele zimejaa udongo, karibu na palepale aliponasa baba. Na likanijia wazo. Kamba hii ikiniponyoka, hakuna atakayesema ni mimi. Mikono yangu inatoka damu, kila mtu ameiona. Watasema ni ketupong. Watasema ardhi ilimtaja, kama baba yake. Watanifariji.

Hapo nikamwogopa yule ndege kweli kwa mara ya kwanza. Siku zote niliogopa kitu atakachonifanyia. Sasa niliogopa jinsi angenisitiri.

Nikaizungusha kamba kiunoni mwangu mara mbili, nikaipitisha chini ya mkono, nikakanyaga kisiki. Hata viganja vikishindwa, kamba haitatoka bila mimi.

"Utakatika, mtoto," Babu akaninong'oneza kwa nyuma.

"Vuta tu, Babu."

Tuai akatutazama. Akamtazama mwanamke mwenye kuku, akatema mate, akainua mkono.

"Moja. Mbili. Vuta!"

Ketupong alilia, kama mara tatu hivi au zaidi. Sikuhesabu. Kamba ilinibana tumbo mpaka nikaona giza. Nilimsikia Entri chini akisema, "Kushoto kidogo, kidogo tena, ngojeni, ngojeni," na sauti yake ilikuwa ya kulia, lakini maneno yalikuwa sawasawa. Moja, mbili, vuta. Nguzo ikasimama. Ikabaki ukingoni kidogo kama inafikiri, kisha mguu ukadondoka katikati ya shimo kwa kishindo kilichotikisa kilima. Entri alikuwa ameruka nje kwa upande, amelala kifudifudi, mtaimbo bado mkononi.

Tulimimina udongo na kuushindilia kwa magogo mpaka jua lilipoanza kushuka. Yule kuku tulimpika kwenye mwanzi, tukamla na wali. Mimi sikuzungumza na Entri. Nilimwekea chakula, akala. Nilimpaka dawa mgongoni alipochunika, naye akanifunga viganja kwa kitambaa. Zaidi ya hapo sikuweza.

Kesho yake mchana mama alirudi na mtumbwi wa mashine. Tulikuwa wote gatini. Entri alisimama nyuma ya watu.

"Mzima," mama alisema kabla hajashuka. "Vidole viwili vya mguu wamekata. Homa imeshuka leo asubuhi. Ameshaanza kumgombeza daktari."

Watu wakapiga vigelegele. Mama akamtafuta Entri kwa macho.

"Aliniuliza nani aliyeingia shimoni. Nilikuwa sijui. Hawa vijana wa mtumbwi nao walikuwa hawajui. Akasema, basi atakuwa Entri. Amesema siku atakaporuhusiwa wewe ndiye uje umbebe, maana ngazi ya nyumba hawezi kuipanda, na hataki kubebwa na Ugat, ana jasho."

Ugat alicheka kuliko wote. Entri hakucheka. Alishuka majini akafungua mtumbwi wetu mdogo wa kasia.

"Hajaruhusiwa bado," mama akamwambia. "Labda wiki moja."

"Nitamngojea hukohuko."

Niliingia mtumbwini. Sikuwa nimekusudia, ila miguu ilikwenda. Mtu alinipa kifurushi cha wali. Tulishuka na mkondo mpaka nyumba ikapotea, na tulipofika pale mto unapopanuka nikamwambia. Nilimwambia yote niliyoyawaza nikiwa nimeshika kamba, utosi wake, damu ya viganja vyangu, na nani angelaumiwa. Nilisema nikiwa nimempa mgongo.

Kasia lilisimama. Mtumbwi ukazunguka kidogo wenyewe.

"Nilijua," Entri alisema. "Ndiyo maana nilikutaka wewe."

Nikageuka.

"Wengine wote pale walikuwa wananionea huruma au wanamwogopa ndege," alisema. "Mwenye sababu ya kuachia alikuwa wewe. Niliwaza, wewe usipoachia, basi nimesamehewa kweli. Na ukiachia..." Akatikisa kichwa. "Sogea kidogo kulia, Mayang. Tunakwenda kwenye mawe."